Barua kwa mwanangu kuhusu Tekken: Bloodline

Arua

Mwanangu mpenzi,

Nimeipata barua yako, na nimeshukuru kusikia kwamba kikohozi kimekuacha na kwamba kazi ya kuchora huko Kampala inakwenda vizuri. Umeniuliza kwa nini, tulipoitazama Tekken: Bloodline, ile katuni ya Netflix iliyotokana na mchezo wa vidio wa mapigano wa Tekken, ulipokuja likizo, nilisema tu kwamba haikunigusa, ilhali unakumbuka jinsi nilivyokuwa nikiacha kupima sukari dukani ili nione nani atashinda katika mchezo wenyewe. Kwa kuwa wewe na wenzako mnataka kutengeneza katuni yenu kutokana na mchezo wa mapigano, nimeona si vema nikujibu kwa neno moja.

Tekken 3 ya kampuni ya Namco ilitoka mwaka 1997 kwenye mashine za kuchezea, ikaingia PlayStation mwaka 1998, na dukani kwetu, ambako watoto walilipia ili wacheze, ilifika baadaye kidogo, kwenye diski iliyokwaruzika ambayo marehemu baba yako aliifuta kwa kitambaa laini kila asubuhi kabla ya kuwasha jenereta. Mimi sikuwahi kucheza, lakini nilikuwa nikikutazama wewe. Nilikuja kufahamu kwamba vile vitufe vinne vya padi, kile kifaa cha kuchezea kinachoshikwa mikononi, ni viungo vinne vya mwili: mkono wa kushoto na wa kulia, mguu wa kushoto na wa kulia, kwa hiyo mtoto aliyeishika padi alikuwa kama aliyekopeshwa mwili wa mtu mwingine. Mtu wako alipopigwa tumboni, wewe ndiye uliyejikunja kwenye kile kibao cha kukalia mbele ya televisheni. Kidole gumba chako kilikuwa na sugu. Hapakuhitajika mtu wa kutueleza kwa nini tujali nani atashinda, kwa sababu aliyeshindwa aliinuka na kumpisha mwenzake, akirudi nyuma ya mstari na shilingi zake zimekwisha.

Mtazamaji wa katuni hana padi. Mikono yake imetulia magotini, na uzito wote uliokuwa vidoleni lazima utoke mahali pengine. Hapo ndipo naona Bloodline ilipopungukiwa. Walioitengeneza waliuheshimu mchezo, hilo siwanyimi. Ile ngumi ya umeme ya Mishima, ukoo wa wapiganaji katika hadithi hiyo, ilikuwa vilevile ninavyoikumbuka, na hata zile cheche zinazoruka pigo linapotua walizileta kutoka kwenye mchezo. Walichukua kwa uaminifu yale yanayoonekana kwenye kioo cha televisheni, wakayaacha yale yaliyokuwa yakitokea kwenye kibao mbele yake, bila kuweka kitu kingine badala yake.

Cha kuwekwa hapo kilikuwapo tayari, tena kwa wingi. Fikiria hadithi yenyewe ya Tekken 3. Jin Kazama, mhusika mkuu, ana miaka 15 anapompoteza mama yake, Jun, kwa mkono wa kiumbe anayeitwa Ogre. Hwoarang, yule kijana wa Kikorea mwenye mateke, anaamini kwamba mwalimu wake, Baek, ameuawa na Ogre huyohuyo. King mwenye kinyago cha jagwa, mnyama afananaye na chui, ni wa pili kulibeba jina hilo, kwa maana King wa kwanza, aliyewalea watoto yatima kwa fedha za mieleka, naye aliuawa na Ogre, na huyu aliyerithi kinyago ni mmoja wa yatima hao, anayepigana ili kituo kisifungwe. Julia Chang anamtafuta mama yake aliyepotea, akimshuku Heihachi Mishima, mzee aliyeandaa mashindano ya mapigano. Sisi tuliokaa kwenye matanga mengi tunawatambua watu hawa mara moja: ni wafiwa wa msiba mmoja waliokutana pasipo kujuana, na Heihachi aliyewaita ndiye anayewatumia kama chambo cha kumnasa Ogre. Ningeweza kuwatazama hata wakiwa wamekaa tu.

Badala yake hadithi yote imebanwa katika sehemu 6, ambazo ukizijumlisha hazifiki saa tatu. Watu hawa wanaingia, wanapigana, wanampisha anayefuata, sawasawa na foleni ya dukani kwetu. Juu ya hayo wameongezwa Feng Wei, ambaye alianza katika Tekken 5, na Leroy Smith, ambaye alikuja na Tekken 7, yaani wageni wamefunguliwa mlango wakati wenyeji wenyewe hawajapata pa kukaa. Sina ubaya na Leroy, ni mzee mwenye heshima na alinipendeza, lakini kila dakika aliyopewa imetolewa kwa mtu ambaye kilio chake tulikuwa tumeanza kukisikia.

Lililoniuma zaidi ni la babu. Jin anakwenda kwa Heihachi, baba wa baba yake, naye anamfundisha kupigana. Kwa hesabu ya mchezo ni miaka 4, hadi kijana anapofika miaka 19. Unajua hapa kwetu mtoto aliyefiwa anapopelekwa kwa babu maana yake ni nini. Nilitaka kuona mlo mmoja mrefu. Nilitaka kuona siku ambayo mzee yule katili alimsifu, na kijana akalala na furaha, kisha akaamka na aibu kwa kuwa mama yake alimfundisha njia nyingine. Tunaonyeshwa mazoezi, jasho na amri, na miaka inapita upesi. Kwa sababu hiyo, Jin alipomshinda Ogre, kisha babu akamgeuzia mjukuu wake bastola na kumpiga risasi, jambo ambalo lingepaswa kunitoa machozi, nilijikuta natazama jinsi walivyochora moshi. Hata shetani alipoamka katika damu ya Jin, sikuogopa. Nilikuwa sijapewa nafasi ya kuamini kwamba wawili wale waliwahi kupendana hata kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo ni la mchezo na halifai kuhama nao. Katika mchezo kila raundi inaanza na mstari unaoonyesha uhai wa mpiganaji ukiwa umejaa, kana kwamba hakuna aliyeguswa, na ni haki, maana mtoto amelipia. Bloodline, mara nyingi, inawatendea watu wake hivyohivyo. Linganisha na ile filamu ya katuni ya Street Fighter II ya mwaka 1994, ambayo uliniletea kwenye flashi. Nayo ina mapungufu mengi, na hadithi yake ni nyembamba, lakini Vega mwenye kucha za chuma anapomvamia Chun-Li nyumbani kwake usiku, pambano linatokea katikati ya vitu vyake mwenyewe, naye anashinda akiwa amekatwakatwa, anaanguka, anaishia hospitalini bila fahamu, na Guile, mwenzake, anasimama kando ya kitanda asijue la kufanya. Pigo moja lile lilinikaa moyoni kuliko mashindano yote ya Bloodline.

Unawakumbuka wale wanaotafsiri filamu kwenye vibanda vya vidio, ma-VJ, wanavyojaza maneno pale picha inapokuwa bubu: huyu ndiye aliyemuua kaka wa yule, huyu analia kwa sababu hii. Nilipokuwa natazama na wewe nilijisikia nikiifanya kazi hiyo kichwani, nikimjazia kila mmoja msiba wake kutokana na yale niliyoyajua zamani. Mtu ambaye hakuwahi kukaa kwenye kile kibao angejaza na nini?

Katika kurasa ulizonitumia, kijana wenu anaingia ulingoni kwenye ukurasa wa 2, na mimi bado sijajua anaishi na nani. Mkishachora ukurasa unaotangulia huo, nitumie kabla hamjautia rangi. Shangazi yako anakusalimu, na ule unga wa muhogo ulioagiza nitaukabidhi kwa dereva wa basi la Jumamosi.

Mama yako