Wasomaji wanauliza: Yule askari mwenye meno

Swali: Shikamoo mhariri. Juzi hapa Isevya, Tabora, kwenye banda la video umeme ulikua unakatika katika jamaa akatuwekea muvi ya zamani ya Wafaransa, Les Gaietés de l'escadron, haina hata DJ wa kutafsiri ila tulicheka. Yule askari mwenye meno makubwa ni nani, na ni ya lini?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hiyo ni ya 1932, aliiongoza Maurice Tourneur, sinema zenye sauti zilikua bado mpya kabisa Ufaransa. Huyo wa meno ni Fernandel, mtu wa Marseille, alianzia kuimba jukwaani na hata mdomo akiufunga bado unacheka tu. Kapteni mfokaji lakini roho nyepesi, ndo Raimu. Na yule kijana mtata ni Jean Gabin, baadae akawa staa mkubwa wa sinema nzito nzito, we mwangalie tu humo.

Hadithi yenyewe ni ya Georges Courteline, ambae alipitia jeshi la farasi mwenyewe, ndo maana zile adhabu na ukaguzi zimekaa kikweli. Ufaransa jeshi lilikua lazima kwa vijana, kwahiyo ukumbini kila mwanaume alikua na afande wake wa kumkumbuka, ka vile umuulize mjomba wako aliepita JKT kuhusu mchakamchaka wa alfajiri uone kama atanyamaza saa hizi.