Re: Zorin OS ilianzishwa na watoto, itamfaa mzee aliyezoea Windows?

Mkuu, ni kweli Zorin OS, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ilianzishwa na watoto. Artyom na Kyrill Zorin, ndugu wawili wa Dublin, Ayalandi, waliianza 2008 wakiwa bado wanafunzi. Toleo la kwanza likatoka 2009. Lakini usiogope huo utoto, chini yake kuna Ubuntu, mfumo wa Linux unaotumika sana. Wao walihangaika zaidi na sura: menyu iko kushoto chini, palepale mkono wa mzee ulipozoea kwenda.

Iandike kwenye flashi kwa Rufus (programu ya kuandaa flashi ya kuwashia kompyuta), washa kompyuta kupitia flashi hiyo, ujaribu kabla ya kusakinisha. Angalia Wi-Fi na printa (printa ndiyo msumbufu!). Faili zake za Excel zitafunguka kwa LibreOffice (programu za ofisi za bure), ila zenye makro (amri za kujiendesha ndani ya faili) zinaweza kugoma. Picha zake hamisha kwanza.