Kwa Mwenye Leseni Mpya: Kuchagua Ala Ndogo ya Bastola Katika Joto la Malindi

Mtu akishapewa leseni ya silaha chini ya Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, aghalabu fikra zake zote huwa zimeishia kwenye bastola yenyewe, na ala ya kuibebea, au holsta kama wengi waiitavyo, huinunua siku ya mwisho kwa fedha zilizobaki. Mimi nilifanya vivyo hivyo. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi, nabeba silaha kwa sababu ya fedha za mauzo ninazopeleka benki, na nilikuwa miongoni mwa waliohakikiwa upya serikali ilipoagiza hivyo Desemba 2018. Katika miaka yangu ya kubeba nimebadilisha ala nne, na tatu kati ya hizo zilikuwa hasara tupu.

Mkaazi wa Limuru anaweza kuificha bastola chini ya sweta na jaketi mwaka mzima pasi na mtu kumtazama mara mbili. Sisi hatuna nafasi hiyo. Hasa katika msimu wa kaskazi, vazi ni shati jepesi la pamba linaloshikana na mgongo kabla ya saa nne ya asubuhi, na kila kilicho kiunoni huchora umbo lake juu ya kitambaa. Ndiyo maana watu wa huku huvutiwa na ala ndogo: kipande chembamba cha plastiki ngumu, mara nyingi Kydex, chenye kibanio kimoja, kinachovaliwa ndani ya suruali. Inapunguza unene, inapunguza joto mwilini, na haichukui nafasi. Tatizo ni kwamba wauzaji wengine wameendelea kupunguza mpaka wamekata kile ambacho hakikatiki.

Kisichokatika ni kifuniko cha kifyatulio. Pete inayozunguka kifyatulio lazima ifunikwe yote, pande zote mbili, kwa kitu kigumu ambacho ukikibonyeza kwa kidole gumba hakigusi kifyatulio kilicho ndani. Bastola kama Glock haina kifungio cha usalama cha kusukuma kwa mkono; chochote kitakachovuta kifyatulio chake sawasawa, kiwe kidole, ufunguo au pindo la shati, kitaifyatua. Kwa hiyo vile vibanio vinavyofungwa kwenye bastola yenyewe ili ichomekwe kiunoni bila ala yoyote, usivinunue hata ukipewa kwa bei ya bure.

Nakiri kwamba somo hili sikulipata kwa busara. Ala yangu ya kwanza ilikuwa ya kitambaa laini, nyepesi na ya kupendeza, na mdomo wake ulikuwa ukijikunja kila nilipoichomoa bastola. Jioni moja nilikuwa nikifanya mazoezi nyumbani, bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa chumba kingine, nikairudisha alani huku nikisukuma, na ncha ya shati langu ikaingia pamoja nayo. Nikasikia mlio mdogo wa kifyatulio. Nilikaa kitandani kwa muda mrefu nikitazama mahali mtutu ulipokuwa umeelekea, yaani pajani mwangu. Kesho yake ala ile niliikata kwa mkasi ili mtu mwingine asije akaiokota.

Ipo aina moja ndogo zaidi ambayo ni salama ikitumiwa inavyopaswa: gamba dogo linalofunika pete ya kifyatulio pekee, lenye kamba inayofungwa kwenye mshipi, hivi kwamba ukiichomoa bastola kamba hulivuta gamba na kulibakiza kiunoni. Ni nyepesi mno, lakini huwezi kuirudisha bastola bila kulitoa gamba na kulivisha upya kwa mikono miwili. Kwa mtu anayeanza, mimi siipendekezi. Chukua ile inayofunika kifyatulio pamoja na sehemu ya mtutu, ambayo mdomo wake hubaki wazi bastola inapotoka.

Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba mshipi ni nusu ya ala. Glock 19 isiyo na magazini wala risasi ina uzito wa takriban gramu 600, na ikitiwa magazini yenye risasi 15 hukaribia gramu 850. Uzito huo ukining'inia kwenye mshipi mlegevu, kitako cha bastola huinama nje na kulinyanyua shati. Tafuta mshipi mgumu wa inchi moja na nusu, na uhakikishe kibanio cha ala kimeumbwa kwa upana huohuo. Kutokana na hilo utaelewa kwa nini kikoi na bastola havipatani kabisa. Kikoi hushikiliwa na mkunjo tu, na ala inayobanwa kwenye mkunjo itaondoka nao. Ninapovaa kikoi, silaha iko ndani ya sanduku la chuma lililofungwa. Kanzu nayo huficha vizuri kupita kiasi, kwa maana hata mwenyewe huifikii bastola bila kupandisha nguo yote hadi kiunoni mbele za watu.

Mahali pa kuiweka kiunoni nalo ni jambo la kujaribiwa kwa mwili wako. Nyuma ya nyonga ni pazuri ukisimama, lakini ukiinama kuokota kitu, au ukirukuu na kusujudu msikitini, shati hupanda na kitako huonekana na safu nzima iliyo nyuma yako. Mbele ya tumbo huficha vizuri zaidi, ila ukikaa kwenye tuktuk mtutu huelekea paja na sehemu zako za siri, hivyo ubora wa kifuniko cha kifyatulio si jambo la kujadiliana tena. Mimi nimetua mbele kidogo ya nyonga ya kulia. Siku ninazojua nitaswali msikitini huiacha nyumbani.

Kuna sehemu moja ambapo ningekushauri usiitafute ala ndogo kuliko zote, nayo ni upande unaogusa ngozi. Jasho letu na hewa ya chumvi hula chuma upesi. Nimewahi kuona vidoa vya kutu baada ya wiki moja ya uzembe. Chagua ala yenye ulimi unaopanda hadi nyuma ya bastola ili utenganishe chuma na mwili. Ala ya ngozi hunywa jasho hilo na kulihifadhi, kwa hiyo siitumii tena ingawa ni laini kiunoni. Kydex hainywi maji, lakini huumbwa kwa joto, na huweza kupinda ikiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Katika miezi ya kwanza, usiirudishe bastola ndani ya ala iliyo kiunoni. Itoe ala, ichomeke bastola humo mtutu ukielekea pasipo na mtu, kisha uvae vyote pamoja.

Ukishainunua, hakikisha mara mbili kwamba bastola ni tupu, itie alani, igeuze kichwa chini juu ya godoro na uitikise. Ikianguka, kaza skrubu za ala kwa bisibisi na ujaribu tena. Mtetemo wa bodaboda huzilegeza skrubu hizo kidogo kidogo bila wewe kujua, kwa hiyo niliomba rangi ya kucha kwa mke wangu, akanicheka sana, nikatia nukta moja inayopita juu ya skrubu na plastiki. Kila asubuhi huitazama kabla ya kuvaa, na nukta ikiwa imekatika, huiacha bastola sandukuni mpaka nimeikaza skrubu na kurudia jaribio la godoro.