Nyimbo nne kwa kila mtu: jinsi ya kuvuna muziki mpya kwa wafanyakazi wenzako

Ofisi ya watu wanane pale Dar es Salaam inaweza kuwa na mpenzi wa taarab asilia, mhasibu aliyekulia kwenye rumba ya Kongo, kijana wa singeli, mwanakwaya, na mmoja asiyeambiwa kitu kuhusu muziki wa Ethiopia wa miaka ya 1970. Programu ya muziki kwenye simu yako haitakufikisha kwa hao wote, maana kazi yake ni kukupa kinachofanana na ulichosikiliza jana. Orodha ya pamoja ya nyimbo itakufikisha. Tatizo ni kwamba orodha nyingi za kazini hufa mapema, na kifo chake hufanana: mtu mmoja amemwaga nyimbo sitini siku ya kwanza, waliobaki wakaona pale si mahali pao.

Kwa hiyo wekeni ukomo kabla ya wimbo wa kwanza. Nne kwa kila mtu zinatosha. Watu wanane ni nyimbo 32; zikiwa za dakika nne nne, ni saa mbili na ushee. Zikiingia za dansi zenye dakika nane au kumi, mtakaribia saa tatu, na hapo ndipo pa kusimama. Orodha ndefu kuliko hiyo haisikilizwi hadi mwisho, na walioongeza nyimbo zao mwishoni huwa wamejisumbua bure. Badilisheni zote kila baada ya wiki mbili. Wiki moja ni fupi: muziki usioufahamu huanza kukaa sikioni mara ya tatu.

Orodha mama iwe ya maandishi. Wengi huanza na programu, kisha wanagundua kwamba nusu ya ofisi wana Boomplay iliyokuja na simu zao za Tecno, wawili wako Spotify, na mzee wa stoo anasikiliza YouTube tu. Fungueni jedwali la pamoja la Google lenye safu tano: msanii au bendi, wimbo, toleo, aliyeuleta, na sababu. Kila mmoja atautafuta wimbo kwa programu yake. Faida ya pili ya jedwali huonekana baadaye, wimbo unapoondolewa kwenye programu kwa sababu za haki za usambazaji. Jina litabaki kwenye maandishi hata kama kiungo kimekufa.

Safu ya sababu ndiyo roho ya jambo zima, na ndiyo watu huiruka. Sentensi moja tu, lakini isiwe "huu mkali" au "utaupenda". Iseme mahali pa kutega sikio: "Subiri gitaa la pili lianze kujibizana na la kwanza", au "Sikiliza udi unavyomtangulia mwimbaji kila beti." Mtu asiyejua aina hiyo ya muziki anahitaji kushikwa mkono kidogo, na mwenzako wa dawati la pili ndiye anayeweza kumshika. Akishindwa kuandika sentensi hiyo, huenda wimbo wenyewe haujamkaa bado.

Kwa walio Spotify, orodha ya pamoja hutengenezwa kwa kufungua orodha, kugusa alama ya mtu yenye kijumlisha na kutuma kiungo. Fahamuni mambo mawili. Kila mshiriki anaweza kufuta na kupanga upya nyimbo za wengine, hata kwa kidole kilichoteleza, kwa hiyo jedwali ndilo ushahidi. Na wimbo uliouweka kutoka kwenye faili za kompyuta yako mwenyewe utaonekana kwa wenzako lakini hautalia. Kuna pia malalamiko ya kila mara kwamba "sasa simu inanipendekezea kwaya tu". Ingia kwenye mipangilio ya orodha uizuie isihesabiwe katika ladha yako. Ushauri wetu ni kuiacha ihesabiwe, angalau wiki hizo mbili. Kuchanganyikiwa kwa programu ndiko kutakakokuletea mapya.

Kama mnapiga kwenye spika moja, mpangilio una uzito. Singeli hukimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Ukiifuatisha na taarab ya ala za kanuni na fidla, taarab itasikika kama imekwama. Weka kati yao kitu cha mwendo wa wastani, benga kwa mfano, halafu shuka. Zimeni kitufe cha kuchanganya nyimbo. Washeni kile cha kusawazisha sauti, kwa sababu rekodi za zamani ni za chini na amapiano ya jana ni ya juu, na mtu wa kukimbilia spika kila dakika nne hafanyi kazi. Saa za kufunga hesabu, zimeni kabisa, kila mtu arudi kwenye hedifoni zake.

Kuna jambo halimo kwenye mwongozo wa programu yoyote: mipasho. Wawili wamekwaruzana Ijumaa, Jumatatu unakuta umeongezwa wimbo wa taarab wa kumsema mtu, na kila anayepita anajua nani anasemwa. Tumeona njia moja inayosaidia: nyimbo mpya huingia siku moja kwa pamoja, zikipitia kwa mratibu, asiye bosi. Suala la kaswida na nyimbo za injili nalo lizungumzwe mwanzoni kabisa, hasa Ramadhani na Kwaresima zikikaribia, lisisubiri mtu akwazike.

Upande wa msikilizaji, usiipige orodha yote mfululizo kama redio. Chukua nyimbo nne kwa siku. Mara ya kwanza acha wimbo ulie huku unafanya kazi. Mara ya pili vaa hedifoni, soma sababu iliyoandikwa. Mara ya tatu fuata ala moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa rumba, fuata gitaa la mi-solo, lile la katikati kati ya solo na ridhimu. Ukishalikamata, sebene, ile sehemu ya magitaa yanapochanganya, haitakuwa kelele tena. Na ujue mtego huu: santuri ndogo za zamani hazikuweza kubeba wimbo mrefu upande mmoja, hivyo wimbo ulikatwa vipande viwili. Ukiona wimbo wa dansi umeishia dakika ya nne au ya tano, magitaa ndiyo kwanza yamepata moto, umeshika kipande cha kwanza. Tafuta cha pili kabla hujasema haujakugusa.

Wimbo ukikugusa, usiishie kwa msanii. Angalia lebo, yaani kampuni iliyoutoa. Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ina mfululizo wa Éthiopiques kwa muziki wa Ethiopia na Zanzibara kwa taarab na dansi la pwani yetu, kwa hiyo jina hilo moja linaunganisha madawati mawili ya ofisi yako. Singeli kadhaa zilizovuka mipaka zilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Pitia orodha yao utakuta mengi ya ukanda huu. Majina ya bendi nayo huhama: NUTA Jazz ndiyo iliyokuja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na Msondo Ngoma ndiyo hiyohiyo. Anayetafuta jina moja anakosa miongo. Jina la TPOK Jazz, bendi ya rumba ya Kongo, hubadilika nukta na nafasi kila toleo. Jaribu pia O.K. Jazz. Mwaka unaoonyeshwa na programu usiuamini bila kuuliza, kwa kuwa mara nyingi ni wa toleo la marudio. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, lakini mkusanyo wa juzi utaandikwa mwaka wa juzi.

Bando: kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde, saa moja hula takriban MB 72, kwa 96 ni kama MB 43, kwa 320 ni MB 144. Orodha ya saa tatu kwa ubora wa juu inakaribia MB 430. Kama kifurushi chako cha programu kinaruhusu, pakua kwa waifai ya ofisi kabla ya kuondoka. Anayesikiliza kwa video za YouTube ashushe ubora wa picha hadi wa chini kabisa, maana picha ndiyo inayokula.

Wiki mbili zikiisha, kila mtu achague wimbo mmoja wa mwenzake na kuuingiza kwenye orodha mpya kama mmoja wa wake wanne, akiandika sababu yake mwenyewe. Jina la aliyeuleta mwanzo libaki pale pale kwenye safu ya nne.