Jibu: Unaanza uanagenzi Ziwa Nakuru? Hiyo karatasi ya flamingo ichane kwanza

Mdogo wangu, karatasi ya "Hesabu flamingo" ichane leo hii. Umesema unaanza uanagenzi wa elimu ya mazingira mwezi ujao, kundi lako la kwanza ni watoto 90 wa Gredi ya Sita kutoka Kisumu, na umepanga kuwasomea maelezo kwa dakika 40 kisha wahesabu flamingo ufuoni. Umeuliza pia malazi, posho na ripoti ya chuo. Hayo yatangoja. Karatasi ndiyo itakayokuharibia siku nzima.

Flamingo hawaahidiwi. Wale wadogo, ambao ndio walioliletea ziwa hili umaarufu, hula mwani wa spirulina, na mwani huo hustawi kwenye maji yenye magadi makali. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziwa limefura kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60. Mvua na mito kama Njoro, Makalia na Nderit imeingiza maji matamu, magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, na ndege wakafuata chakula kwenye maziwa ya Bogoria, Elmenteita na kwingineko. Siku nyingine utakuta kundi, siku nyingine hata unyoya hakuna. Sasa fikiria mtoto aliyepanda basi usiku wa manane, ameambiwa ataona ufuo wa rangi ya waridi. Anafika anaona maji ya kijivu na miti mikavu, na mkononi ana karatasi yenye nafasi kumi za kujaza hesabu. Ataandika sifuri ya kwanza, ya pili, halafu ataanza kubuni. Mwalimu wake naye atamgeukia dereva kuuliza simba wako wapi, na hapo somo limekwisha. Ukianza kueleza kwa nini ndege hawapo wakati huo, umechelewa: watoto wanaona wamedanganywa na hakuna anayesikiliza.

Kinachonikasirisha ni kwamba wanaokupa karatasi hiyo wanajua. Kuna wasimamizi wanaomkabidhi kila mwanagenzi faili lile lile la zamani na kumwambia "tumia hili, limetumika miaka yote", wakati wao wenyewe hupita kando ya ziwa kila asubuhi na kuona hali ilivyo. Kuna na hizo kurasa za watalii zenye picha za miaka ile ya ndege zaidi ya milioni. Na mwenzetu aliyekujibu kabla yangu kwamba "kariri takwimu zote za mbuga, utatoboa" anakupotosha vilevile. Mwaka wa 1968 mbuga ilipotangazwa, 1990 ilipoingia orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, 2011 ilipokuwa Urithi wa Dunia: mtoto wa miaka kumi na mmoja hazimsaidii kuelewa kitu chochote anachokitazama. Zijue wewe, akikuuliza mwalimu.

Kanuni yangu ni moja: fundisha kisichoweza kuondoka, na ukihakikishe jana yake, barabara ile ile, saa ile ile. Kama basi litafika saa tatu asubuhi, jana yake saa tatu uwe njiani na askari wa wanyamapori, daftari mkononi. Ukipita jioni umeona mbuga nyingine: wanyama waliojificha kivulini mchana ndio hao wanaotembea jioni.

Kisichoondoka Nakuru ni migunga iliyokufa imesimama majini. Wapandishe Baboon Cliff, mahali panaporuhusiwa kushuka garini, na ziwa lote liko chini yao. Usianze kuongea. Uliza: ile miti imeota majini, au maji yameifuata? Waache wabishane dakika tano. Mtoto mmoja atasema mti hauoti katikati ya ziwa, basi hapo palikuwa nchi kavu, na amejifundisha mwenyewe jambo ambalo dakika 40 zako zisingelifikisha. Ndipo uongeze kwamba mizizi huhitaji hewa iliyo kwenye udongo, na udongo ukijaa maji miezi mingi mti hukosa pumzi ukafa. Waeleze pia kwamba lango kuu la zamani lilimezwa na maji hayo hayo, na wakazi wa Mwariki, mtaa ulio kando ya ziwa, waliyaona nyumbani kwao. Kutoka hapo, "flamingo wameenda wapi na kwa nini" ni swali lao, si lako. Wakionekana siku hiyo, ni nyongeza.

Magadi waoneshe kwa macho. Watoto wa Kisumu wanayajua, nyumbani hutiwa kwenye mboga za kienyeji. Chukua chupa tatu za jemu: maji ya mfereji, maji ya ziwa (ateke askari, mtoto asisogee ufuoni, nyati hulala kwenye nyasi hizo), na maji yenye kijiko kimoja cha chai cha magadi ya kupikia. Chovya karatasi nyekundu ya litmasi, ile inayobadilika rangi ikigusa magadi, katika kila moja. Ya ziwa na ya magadi zitageuka buluu. Jambo linaloshinda wengi ni hili: usizimue maji ya ziwa nusu kwa nusu ukitegemea karatasi ioneshe tofauti. Haitaonesha, kwa sababu kaboneti, yaani chumvi ya magadi iliyomo, hushikilia ukali ule hata maji yakiongezwa. Badala yake, mwanzoni mwa ziara mwaga kijiko cha maji ya ziwa kwenye kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeusi, na pembeni kijiko cha maji yaliyozimuliwa mara nne. Weka juani, mahali upepo hautapeperusha vumbi. Baada ya chakula cha mchana yatakuwa yamekauka, na tabaka jeupe la chumvi litakuwa zito upande mmoja na hafifu upande wa pili. Mtoto akilikwaruza kwa ukucha, ameshika sababu ya ndege kuhama.

Kinyesi pia hakiondoki. Chukua kijiti, pasua kinyesi cha nyati na cha punda milia, vyote vikavu. Cha punda milia kina nyuzi ndefu za nyasi, cha nyati kimesagika, maana nyati hucheua na punda milia hacheui. Wanawe mikono kabla ya kula.

Watoto 90 hawasikii sauti moja. Wagawe makundi ya 15, kila kundi na mwalimu au mwanagenzi mmoja, na makundi yapokezane vituo. Darubini moja kwa watoto watano inatosha ukiwaonesha kwanza kurekebisha umbali wa macho. Usipofanya hivyo, nusu yao wataona giza na kunyamaza kwa aibu.

Andikia shule wiki moja kabla: chupa za maji za kutupwa, mirija na sahani za plastiki zimepigwa marufuku kwenye mbuga tangu Juni 5, 2020. Shule nyingi bado hufika langoni na katoni za maji, na saa nzima hupotea hapo. Chakula kiwe kwenye mikebe yenye vifuniko, kibaki ndani ya basi, madirisha yakiwa yamefungwa. Nyani wa Baboon Cliff wanajua mfuko wa mkate, na mtoto akiukumbatia ataparuzwa.

Kwenye ripoti ya chuo, ambatisha daftari hilo la jana yake, na lililotokea uliandike kando ya ulilopanga. Andika karatasi mpya ya maswali, iweke hapa kabla kundi halijafika, tuipitie swali kwa swali.