Unyevu unaosomwa kwa mawimbi ya GPS: tuuamini kiasi gani huku kwetu?

Swali: Nasomea sayansi ya hali ya hewa mwaka wa tatu, Dar es Salaam, na mradi wangu unatumia data za setilaiti za COSMIC-2. Naelewa kwamba zinapokea mawimbi ya GPS yaliyopita kwenye angahewa. Lakini wimbi hilohilo limepita ionosfia (tabaka la juu lenye elektroni huru) na hewa ya chini pia. Athari hizo mbili zinatenganishwaje? Na je, unyevu unaopatikana uaminike katika ukanda wetu wenye mvuke mwingi?

Jibu: Ndugu mwanafunzi, unyevu huo unaaminika kuliko wengi wanavyodhani. Cha kutiliwa shaka katika hewa ya chini ya tropiki ni halijoto.

COSMIC-2 ni setilaiti sita za Marekani na Taiwan zilizorushwa Juni 2019. Njia zake zimeinama nyuzi 24 tu kutoka ikweta, ndiyo maana sisi wa tropiki tunapata vipimo vyake kwa wingi. Setilaiti ya GPS iko kilomita 20,200 juu, nayo ya COSMIC-2 iko kama kilomita 550. Moja inapozama nyuma ya upeo wa dunia ikitazamwa kutoka nyingine, wimbi hukata angahewa tabaka baada ya tabaka kwa dakika moja au mbili, na hewa hulipinda na kulichelewesha. Hiyo ndiyo okultesheni ya redio. Wanasayansi wa sayari waliitumia mapema: Julai 1965 chombo cha Mariner 4 kilipita nyuma ya Mars, na kuchelewa kwa mawimbi yake kukaonyesha kwamba kanieneo ya hewa ya huko haifikii hata asilimia 1 ya ile ya duniani.

Sasa utenganishaji. Ionosfia huchelewesha wimbi kulingana na masafa yake, ilhali hewa ya chini haijali masafa hayo. GPS hutuma kwa masafa mawili ya msingi, megahezi 1575.42 na 1227.60. Tuseme njiani kuna elektroni 10^18 kwa kila mita ya mraba, kiasi cha kawaida kabisa mchana. Wimbi la kwanza litachelewa kama mita 16.2, la pili mita 26.7. Tofauti hiyo ya mita 10.5 haiwezi kutokana na hewa ya chini, kwa sababu hewa ingeyachelewesha yote mawili sawasawa. Kwa hiyo tofauti inakupa idadi ya elektroni, na ukishaiondoa athari yao, kinachobaki ni cha hewa. Kwa vitendo hatuchanganyi ucheleweshaji wenyewe bali pembe za mpindo, maana mawimbi hayo mawili hayapiti njia moja kamili. Masalia madogo hubaki, na yanasumbua zaidi juu ya kilomita 30 hivi, ambako hewa ni nyembamba na mpindo wake ni mdogo mno.

Nguvu ya hewa kupinda wimbi huandikwa N, nayo ni jumla ya sehemu mbili: 77.6 mara kanieneo gawanya kwa halijoto, kisha 373,000 mara kanieneo ya mvuke gawanya kwa halijoto ya kipeo cha pili. Chukua hewa ya pwani yetu: kanieneo hektopaskali 1010, halijoto kelvini 300, mvuke hektopaskali 30. Sehemu kavu inatoa 261, sehemu ya mvuke 124. Karibu theluthi nzima ya N ni maji! Kwenye kilomita 10 mvuke ni kidogo sana, kwa hiyo huko N inakupa halijoto moja kwa moja, na kwa usahihi mkubwa.

Huku chini una mlinganyo mmoja na visivyojulikana viwili, kwa hiyo lazima kimoja ukiazime kwenye modeli ya utabiri. Ukiazima halijoto ikawa na kosa la kelvini 1, N inasogea kwa 1.7, na kosa hilo likihamia kwenye mvuke ni kama hektopaskali 0.4 tu kati ya 30. Ukiazima mvuke ukiwa na kosa la hektopaskali 1, halijoto yako inapotoka kwa zaidi ya kelvini 2. Rudia hesabu hii mwenyewe kwa kalamu kabla hujafungua data, utaona kwa nini wachakataji huchagua njia ya kwanza.

Hata hivyo, kila kipimo ni wastani wa hewa ya urefu wa kilomita 200 hadi 300 kwa mlalo, hivyo usikilinganishe na mvua ya kitongoji kimoja. Pia, pale N inapopungua kwa zaidi ya 157 kwa kilomita moja ya kwenda juu, kama juu ya bahari palipo na hewa kavu inayokandamiza hewa nyevu, wimbi hunaswa ndani ya tabaka na N inayokokotolewa hutoka pungufu, na unyevu pamoja nayo.

Angalia pia faili unalopakua. Faili za atmPrf huchukulia hewa kuwa kavu, kwa hiyo karibu na ardhi utaona baridi ya makumi ya nyuzi chini ya halisi. Tumia wetPf2, ambazo huhesabu mvuke pia. Ukifanya linganisho, maputo ya hali ya hewa yanayorushwa Dagoretti, Nairobi, yatakufaa.

Ukigusa ionosfia, kumbuka kwamba ikweta ya usumaku hupita Ethiopia, na elektroni hurundikana kama nyuzi 15 kaskazini na kusini mwake, kwa hiyo Tanzania iko karibu na rundo la kusini. Ukokotoaji wa wasifu wa elektroni (idadi yao kwa kila kimo) hudhani kwamba tabaka ni sawa pande zote, jambo ambalo karibu na rundo hilo si kweli. Kilele cha tabaka la F2, lile lenye elektroni nyingi zaidi, utakipata vizuri. Chini yake, kwenye tabaka la E, elektroni wakati mwingine hutoka hata hasi, na namba hizo usizitie kwenye mradi wako.