Maswali Yenu: Asilimia Tatu ya Watu Wangapi?

Tangu tulipochapisha jedwali la nchi za dunia likionyesha idadi ya watu na kiwango cha ongezeko lao kwa mwaka, barua zimeendelea kutufikia, na nyingi zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: takwimu hizi hupatikanaje, na kwa nini nyakati nyingine hazilingani na yale tunayoyaona au kuyakokotoa wenyewe? Tumechagua barua tano na kuzifupisha.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ile ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Wanafunzi wangu walitafuta tofauti wakapata ongezeko la asilimia 37.4 katika miaka kumi, yaani asilimia 3.74 kwa mwaka. Taarifa rasmi inasema asilimia 3.2. Nani kakosea?
*Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, wanafunzi wako wako sahihi hadi kwenye hiyo asilimia 37.4, kilichowapoteza ni kuigawanya kwa kumi. Kwa kufanya hivyo wamechukulia kwamba watu wote milioni 16.8 walioongezeka walitokana na wale tu waliokuwapo mwaka 2012, kana kwamba walioongezeka mwaka 2013 na kuendelea hawakuongeza mtu mwingine hadi sensa iliyofuata. Sivyo idadi ya watu inavyokua. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 2012 alikuwa na ishirini mwaka 2022, na huenda tayari alikuwa mama. Familia iliyohamia nchini mwaka 2015 nayo ilipata watoto. Kila mwaka asilimia hupigwa juu ya idadi mpya, kama riba inayotozwa juu ya mkopo pamoja na riba ya mwaka uliotangulia.

Waambie wajaribu kinyume chake. Wachukue milioni 44.93 na kuizidisha kwa 1.0374 mara kumi mfululizo. Watapata karibu milioni 64.9, yaani watu zaidi ya milioni tatu ambao makarani wa sensa hawakuwakuta popote. Wakitumia kiwango cha asilimia 3.2 watafika karibu kabisa na idadi iliyotangazwa, na tofauti ndogo itakayobaki inatokana na kwamba wataalamu hutumia fomula inayochukulia ongezeko kuwa linatokea wakati wote, wala halisubiri mwisho wa mwaka.

Ukitaka kuwapa zoezi jingine, gawanya 70 kwa kiwango cha ongezeko na utapata, kwa kukadiria, idadi ya miaka ambayo nchi huchukua kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 3.2 ni karibu miaka 22, na kwa asilimia 0.9, ambacho ni takriban kiwango cha dunia nzima kwa sasa, ni karibu miaka 78. Sensa ya 1967 ilikuta Watanzania milioni 12.3, ile ya 2022 ikakuta mara tano ya hao, ingawa kiwango cha wastani kwa miaka hiyo 55 kilikuwa chini kidogo ya asilimia 3. Asilimia tatu ni namba inayodharauliwa kwa urahisi mno.

Naongeza jambo ambalo hukuliuliza. Kati ya sensa za 2002 na 2012 kiwango cha Tanzania kilikuwa asilimia 2.7, kisha kikapanda hadi 3.2, ilhali katika kipindi hicho hicho wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulishuka kutoka 5.4 katika utafiti wa afya wa 2010 hadi 4.8 katika ule wa 2022. Sehemu ya maelezo ni kwamba vifo vya watoto vimepungua na wanawake walio katika umri wa kuzaa wameongezeka. Lakini kiwango kinachotokana na sensa mbili hupima pia ubora wa sensa zenyewe. Ikiwa sensa ya kwanza iliwaruka watu wengi kuliko ya pili, ongezeko litaonekana kubwa kuliko lilivyo, na sensa ya 2022 ilifanywa kwa vishikwambi na ramani za kidijitali ambazo hazikuwapo kabla. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nasema tu kwamba kabla ya kuijengea hoja ile nusu ya asilimia, mtu aangalie kwanza jinsi watu walivyohesabiwa.

Huku kwetu Kongo hatujahesabiwa tangu 1984. Mimi nilizaliwa baada ya hapo, na sasa nina watoto. Hao wanaosema kwamba tumezidi milioni mia moja wametuhesabu lini?
*Msomaji, Bukavu*

Hawajawahesabu. Namba uliyoisikia ni makadirio, na ni haki yako kujua yanavyotengenezwa. Sensa ya 1984, iliyofanywa wakati nchi ikiitwa Zaire, ilipata watu takriban milioni 30. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa huanzia hapo, kisha huongeza waliozaliwa, hupunguza waliokufa, na kuhesabu walioingia na waliotoka. Kwa kuwa vizazi na vifo vingi haviandikishwi, hutegemea tafiti za kaya, ambamo maelfu ya wanawake huulizwa wamezaa watoto wangapi, lini, na wangapi wako hai. Tafiti hizo zina manufaa makubwa, ila zinaweza kueleza watu wanaongezeka kwa kasi gani bila kueleza wako wangapi.

Tatizo ni muda. Tuseme tunaanza na watu milioni 30 mwaka 1984. Wakiongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka, baada ya miaka 40 wanakuwa karibu milioni 106. Wakiongezeka kwa asilimia 2.7 wanakuwa karibu milioni 87. Nusu moja ya asilimia, ambayo mwaka wa kwanza ni watu laki moja na nusu tu, imezaa tofauti ya watu karibu milioni 19, zaidi ya Warwanda wote, kwani sensa ya Rwanda ya 2022 ilihesabu watu milioni 13.2. Na katika miaka hiyo 40 mashariki ya nchi yenu imepitia vita ambavyo idadi ya waliouawa na waliokimbia bado inabishaniwa. Kwa hiyo ukiona imeandikwa kwamba Kongo ina watu milioni 109, isome kama kauli ya mtu makini anayekadiria, na usizitilie maanani tarakimu za mwisho.

Hamko peke yenu. Nigeria ilihesabu watu mara ya mwisho mwaka 2006, ikapata milioni 140, na sensa iliyopangwa kufanyika 2023 ikaahirishwa. Huko mgawo wa fedha na viti vya uwakilishi hufungamana na idadi ya watu, hivyo kila sensa ni ugomvi wa kisiasa kabla karani hajabisha hodi. Lebanon haijafanya sensa rasmi tangu 1932, kwa sababu madaraka yamegawanywa kati ya madhehebu na hakuna anayetaka kujua kwa uhakika kama mgawanyo huo bado una msingi. Hata habari iliyotangazwa duniani kote mwezi Aprili 2023, kwamba India imeipita China, ilikuwa ya makadirio kwa upande mmoja: China ilihesabu watu wake mwaka 2020 ikapata bilioni 1.41, lakini sensa ya mwisho ya India ilikuwa ya 2011, na ile ya 2021 ilikwamishwa na janga la Uviko-19. Vivyo hivyo tarehe 15 Novemba 2022, siku ambayo dunia ilisemekana kufikisha watu bilioni nane, ilichaguliwa kutokana na makadirio. Hakuna aliyemwona huyo wa bilioni nane akizaliwa.

Kwa maoni yangu, namba ya Kongo si ya kupuuzwa, kwa sababu bila hiyo hakuna anayeweza kupanga chanjo wala shule. Hata hivyo, nchi ikikaa miaka 40 bila sensa, wilaya na vijiji vyake ndivyo huumia zaidi, kwa kuwa makadirio ya taifa yanaweza kuwa karibu na ukweli huku ya wilaya moja yakiwa mbali mno nao.

Tunaambiwa kwamba miaka ya sabini mwanamke wa Kenya alizaa watoto wanane kwa wastani, na sasa ni watatu na kitu. Kama uzazi umepungua kiasi hicho, mbona shule, matatu na hospitali zinazidi kujaa?
*Mama wa watoto wawili, Nakuru*

Mama, uliyoambiwa ni kweli: utafiti wa uzazi wa 1977 na 1978 ulipata wastani wa watoto 8.1 kwa kila mwanamke, na ule wa 2022 ukapata 3.4. Sasa tazama sensa zenyewe. Kati ya 1979 na 1989 Wakenya waliongezeka kutoka milioni 15.3 hadi milioni 21.4, kwa kiwango cha karibu asilimia 3.4 kwa mwaka, kilichotajwa wakati huo kuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Kati ya 2009 na 2019 walitoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6, na kiwango rasmi kilikuwa asilimia 2.2. Katika muongo wa kwanza, ule wa kasi kubwa, waliongezeka watu milioni sita. Katika muongo wa pili, wa kasi ndogo, waliongezeka milioni tisa. Asilimia ndogo ya kundi kubwa imewazidi asilimia kubwa ya kundi dogo, na darasa la mwanao linajazwa na watoto, si na asilimia.

Sababu ya pili ni umri. Wasichana waliozaliwa wakati wa zile familia kubwa walikua wakawa mama, na ingawa kila mmoja alizaa wachache kuliko mama yake, wao wenyewe ni wengi. China ni mfano ulio wazi zaidi. Mapema miaka ya tisini wastani wa uzazi huko ulikuwa umeshuka chini ya watoto 2.1, kiwango ambacho kizazi kimoja hujirudishia idadi yake bila kuongezeka. Lakini nchi iliendelea kukua kwa miaka mingine takriban thelathini, na ni mwaka 2022 tu ambapo waliokufa walizidi waliozaliwa na idadi ikapungua kwa watu 850,000. Na sasa nguvu hiyo ya umri inafanya kazi kinyume: serikali iliyolazimisha mtoto mmoja kuanzia 1980 iliruhusu wawili kuanzia 2016 na watatu mwaka 2021, bila kuzuia upungufu usiendelee, kwa kuwa wanawake wa umri wa kuzaa wenyewe wamepungua. Nakuru, kwa hiyo, itaendelea kujaa kwa muda mrefu baada ya uzazi kupungua, na anayepanga shule kwa kutazama wastani wa uzazi peke yake atajenga madarasa machache kuliko yanayohitajika.

Katika jedwali lenu nchi za Ghuba zinaongezeka na kupungua kwa namna isiyoaminika. Je, ni makosa ya uchapaji?
*Msomaji, Muscat*

Si makosa. Kiwango cha ongezeko la watu hujumuisha uhamiaji, na kwenu huko uhamiaji ndio mwenye neno la mwisho. Sensa ya Qatar ya 2004 ilihesabu watu wapatao 744,000, na ile ya 2010 ikahesabu karibu milioni 1.7, ongezeko la zaidi ya asilimia 13 kwa mwaka ambalo hakuna uzazi wa binadamu unaoweza kulileta. Hao walikuwa vibarua, wajenzi na watumishi kutoka ng'ambo, wengi wao wanaume. Oman ilihesabu watu milioni 4.47 mwaka 2020, na takriban wanne katika kila kumi hawakuwa raia. Mikataba ikisitishwa, kama ilivyokuwa wakati wa Uviko-19, idadi hushuka ndani ya miezi michache. Bulgaria nayo imeyaona hayo kwa upande wa pili: kutoka karibu milioni 9 mwaka 1985 imefika milioni 6.5 mwaka 2021, kwa sababu vijana walihama na waliobaki wakazaa wachache.

Usiku wa sensa ya 2022 nilikuwa na mgeni kutoka Burundi, na karani alimwandika katika kaya yangu. Je, hakuhesabiwa mara mbili, kwetu na kwao?
*Msomaji, Kigoma*

Karani alifanya sawasawa. Sensa ya Tanzania huhesabu kila aliyelala nchini usiku wa kuamkia siku ya sensa, ambayo mwaka ule ilikuwa tarehe 23 Agosti, awe raia au mgeni, awe nyumbani, hospitalini, gesti au safarini. Burundi haikufanya sensa yake mwaka huo, kwa hiyo katika mwaka 2022 mgeni wako alihesabiwa mara moja tu. Nchi nyingine, kama Marekani, humhesabu mtu mahali anapoishi kwa kawaida hata kama siku hiyo yuko kwingine, na wataalamu wanapolinganisha nchi hulazimika kwanza kujua kila moja ilitumia utaratibu upi. Kuhusu makarani kuendelea kupita kwa siku kadhaa baadaye, jambo ambalo pia umelalamikia katika barua yako, hilo halibadilishi hesabu, kwa sababu swali hubaki la usiku ule ule: mtoto aliyezaliwa siku iliyofuata haandikwi, na mzee aliyefariki siku iliyofuata huandikwa.